Uraia Ambao Mama Recho Hakuuomba

Mtaa mzima wa Makanyagio, mjini Mpanda, ulimjua kwa jina la Mama Recho, fundi cherehani, Muha wa Kasulu. Alishona sare za shule na magauni ya kwaya, akabadilisha zipu za suruali za wanaume wa stesheni. Kwa wateja alikuwa mcheshi, mwenye maneno mengi. Ila mazungumzo yakigeukia makwao, huyu akisimulia kwao Ufipa na yule kwao Usukuma, Mama Recho aliinama kutafuta uzi chini ya cherehani, na aliutafuta mpaka mazungumzo yahame.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Thacienne, na Kasulu hakuwahi kukaa hata siku moja. Alizaliwa Burundi, upande wa kusini. Mwaka 1972, wakati wa mauaji, akiwa na miaka kumi na minne, alikimbia na kaka yake Anselmo baada ya baba yao kuchukuliwa shambani mchana kweupe. Mama yao alikuwa amevimba miguu, hawezi kutembea. Walimwacha kwa jirani, wakamwambia watarudi kumchukua hali ikitulia. Haikutulia. Mwaka uliofuata waliletwa Katumba, makazi mapya ya wakimbizi, wakati ule Katumba ni miombo na mbung'o tu, wakapewa jembe, panga na kipande cha pori, wakaambiwa hapa ndipo kwenu.

Pale alikaa mpaka 1979. Mkimbizi hakuruhusiwa kutoka kwenye makazi bila kibali, na mwaka huo Thacienne alipata cha siku kumi na nne, aende hospitali Mpanda kutibiwa tumbo. Akapanda treni. Siku ya kumi na mbili, tumbo limeshapoa, alikutana na Sylvanus, kijana wa Kibende aliyekuwa kwenye gengi la reli, wale wanaokaza boliti na kubadilisha mataruma. Siku ya kumi na nne ilipita. Ya kumi na tano ikapita, na hakuna aliyemfuata.

"Watu wakikuuliza, sema wewe ni Muha," Sylvanus alimwambia. "Lugha yenu na yao ni kama kitu kimoja. Nani hapa atajua?"

Hakuna aliyejua. Walipotaka kufunga ndoa, padri aliomba barua ya parokia aliyobatizwa mwanamke. Angeitoa wapi? Wakaiacha ndoa, wakaishi hivyo hivyo, na kila Jumapili wenzake walipoinuka kwenda kukomunika, Thacienne alibaki kwenye benchi akipisha miguu ya watu. Mwaka 1980 akajifungua Recho nyumbani, akisaidiwa na jirani yake Pudensiana. Hakuzaa tena. Mwaka 1993 Sylvanus aliugua homa ya mapafu, wiki tatu tu, akafa. Thacienne akabaki na mtoto, cherehani, na uongo ambao sasa alikuwa akiubeba peke yake.

Mwaka 1998 ndipo mambo yalipoanza kumharibikia, tena kwa habari njema. Recho alikuwa amemaliza kidato cha nne, na mwezi wa tatu ikaja barua: amechaguliwa kusomea uuguzi Tabora. Pudensiana alipiga vigelegele mpaka watu wakatoka nje kuangalia kuna nini. Recho alimsomea mama yake ile barua mara mbili. Mara ya pili Thacienne alisikia kitu ambacho mara ya kwanza furaha ilikifunika. Chuo kilitaka cheti cha kuzaliwa.

Walikwenda pamoja ofisini wilayani. Karani aliyewapokea hakuwa mtu mbaya. Aliwapa kiti, akaanza kujaza. Baba? Sylvanus, marehemu, mzaliwa wa Mpanda. Mama?

"Tasiana," alisema Thacienne. Ndivyo alivyolilainisha jina lake miaka yote. "Mzaliwa wa Kasulu."

"Kijiji gani?"

Alitaja kijiji alichowahi kukisikia kwa mteja mmoja.

Karani aliweka kalamu. "Mama, usinielewe vibaya. Huko Kigoma, tangu mwaka jana, wakimbizi waliokuwa wanakaa vijijini wanakusanywa kurudishwa makambini. Sasa kila anayesema katoka huko tunaambiwa tuhakikishe. Cheti cha ndoa mnacho?"

"Hatukufunga."

"Basi lete barua ya serikali ya kijiji, ya kule Kasulu, inayokutambua wewe na wazazi wako. Ukiileta tunamaliza siku hiyo hiyo."

Wakati wa kurudi Recho alisema, "Mama, si tuandike tu barua kwa babu wa Kasulu?" Kwa maana mtoto naye alilelewa kwenye uongo ule ule. Thacienne akasimama katikati ya njia, mbele ya duka la mafuta ya taa, akamwambia hakuna babu wa Kasulu. Alimwambia yote pale pale waliposimama, kwa sauti ndogo, watu wakipita na baiskeli. Recho alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo mimi ni nani?"

"Wewe ni mtoto wa Sylvanus," mama yake alisema. "Wewe huna tatizo. Tatizo ni mimi."

Tangu siku ile wazo la kuomba uraia lilimkaa Thacienne kichwani. Alikuwa amesikia kwamba kuna sheria, kwamba mgeni aliyekaa nchini miaka mingi anaweza kuomba na akapewa, jambo linaloitwa tajnisi. Yeye alikuwa na miaka ishirini na sita nchini. Ameshona sare za watoto wa nusu ya mji huu. Akipewa ile karatasi, atakwenda kwa karani na kichwa juu, ataandika jina lake kama lilivyo. Lakini kabla ya kunyanyua mguu alitaka kujua kuna nini mbele. Akaenda kwa Mzee Richard.

Mzee Richard alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo kabla ya kustaafu, na sasa alikuwa akiwaandikia watu barua na rufaa kwa taipureta yake. Thacienne alimpelekea suruali aliyomshonea, akaketi, akaanza kwa mbali.

"Mzee, kuna mtu mmoja wa Katumba anataka kuomba uraia. Kaniomba nimuulizie."

"Mtu wa Katumba," alisema Mzee Richard. "Anakaa Katumba?"

"Alitoka."

"Kwa kibali?"

"Kilikuwa cha siku kumi na nne."

"Na amekaa nje muda gani?"

Thacienne aliangalia taipureta. "Kama miaka kumi na tisa."

Mzee hakucheka. Alikunja suruali akaiweka pembeni. "Hilo ni kosa, lakini linaweza kusameheka, inategemea anaangukia mikononi mwa nani. Huko nje amejiita nani? Mkimbizi?"

"Muha."

"Amejiandikisha popote kama Muha? Sensa? Balozi wa nyumba kumi?"

"Kote."

"Kura alipiga?"

Thacienne aliikumbuka ile kura. Uchaguzi wa mwaka 1995, balozi alipita nyumba kwa nyumba kuhimiza watu wajiandikishe. Kukataa kungekuwa sawa na kujitangaza. Hivyo alijiambia. Lakini kulikuwa na kingine ambacho hakuwahi kumwambia mtu. Siku ya kura alipanga mstari na Pudensiana tangu asubuhi, juani, akatoka na wino kidoleni, na alifurahi. Siku tatu aliosha vyombo kwa mkono mwingine ili wino usitoke upesi.

"Alipiga," alisema.

Mzee Richard alivua miwani. "Mama Recho, mficha uchi hazai. Mimi nitakueleza kama ninavyomweleza mwenye shida mwenyewe." Na alimweleza polepole, kama mtu anayefungua kidonda cha mwenzake. Anayeomba uraia kwanza anakiri kwamba si raia. Akishakiri, kila alipowahi kusema ni raia panageuka kosa, na ile kura ndiyo mbaya kuliko yote. Atatakiwa kupata raia wawili wa kumdhamini, wanaomfahamu vizuri, kwa hiyo hao itabidi waambiwe. Jina lake litatangazwa gazetini, ili mwenye pingamizi alipeleke. Watachunguza Katumba, watachunguza huku. Halafu atasubiri, mwaka, miaka, hakuna ajuaye.

"Na akikataliwa?"

"Akikataliwa harudi pale alipokuwa. Pale alipokuwa ni pa mtu asiyejulikana. Atakuwa ameshajulikana."

"Watamrudisha Katumba?"

"Wakimrudisha Katumba ashukuru."

"Na mtoto wake? Baba yake ni mtu wa hapa hapa."

"Mtoto wa raia ni raia, mimi sina wasiwasi na hilo. Ila lazima kuwe na wa kuthibitisha huyo baba, na cheti cha ndoa hakipo. Shahidi mkubwa ni mama, na mama ndiye huyo tuliyemsema. Mwaka utaisha wakiulizana. Chuo kitamngoja?"

Thacienne alimshukuru akainuka. Mlangoni Mzee Richard akamwita. "Mwambie huyo mtu asifanye chochote kabla hajajua Katumba wamemwandika vipi. Kule ndiko watakakoanzia."

Ndiyo maana mwezi wa nne, baada ya miaka kumi na tisa, Thacienne alipanda treni kwenda Katumba. Ni karibu, mtu akiondoka asubuhi anafika jua halijawa kali, na miaka yote hiyo alikuwa akiiogopa kama vile iko ng'ambo ya bahari. Aliposhuka alishangaa. Msitu ulikuwa umekwisha. Kulikuwa na mahindi mpaka macho yalipokoma, mabanda ya kukaushia tumbaku, makanisa ya matofali, watoto wa watoto wa wale waliokuja nao. Aliuliza nyumba ya Anselmo, akaonyeshwa.

Kaka yake alikuwa amezeeka, meno yamepungua. Alitoka ndani na kikapu cha maharage, akamwangalia, akaweka kikapu chini taratibu. Hakumkumbatia. Alimshika kiganja, akakigeuza, akaangalia kovu la panga dada yake alilolipata wakifyeka pori mwaka ule wa kwanza.

"Yesu wangu," alisema Anselmo. "Ni wewe."

Mkewe alileta ugali wa muhogo na maharage. Walikula, wakataja waliokufa. Habari za mama yao, Anselmo alizipata mwaka 1984 kwa mtu aliyepita: alifariki wiki ile ile waliyoondoka. Thacienne alilisikia hilo akaona halimshtui. Lilimchosha tu, kama mtu anayepokea mzigo aliokuwa akijua uko njiani. Ndipo alipoeleza kilichomleta: cheti cha Recho, uraia, maneno ya Mzee Richard.

Anselmo alianza kuhangaika kitini kabla hajamaliza.

"Umekwenda ofisi ya makazi?"

"Bado. Nimeanza kwako."

"Usiende." Alimtuma mkewe akachote maji, ingawa mtungi ulikuwa umejaa. Alipobaki na dada yake akasema, "Tasi, ulipoondoka walinijia mara tatu. Wakasema kibali cha dada yako kimekwisha, yuko wapi? Wakasema tutakunyang'anya shamba, wewe unatorosha watu. Nilikuwa na mke mja mzito. Ningefanya nini?"

"Ulifanya nini?"

"Nilisema umefia hospitali. Nikasema nimekuzika Mpanda. Waliandika. Tukasoma misa hapa, watu wakanipa pole." Aliinamisha kichwa. "Kwenye daftari lao wewe ni marehemu tangu mwaka 1980."

Kuku waliingia kwenye kikapu cha maharage na hakuna aliyewafukuza.

"Ukiomba uraia," Anselmo aliendelea, "watakuja hapa kutafuta jina lako. Watalikuta. Wataniuliza ulifufuka lini. Na sisi hapa wengine tunataka kuomba. Mimi mwenyewe nataka kuomba, wakitufungulia mlango. Nina watoto saba, Tasi. Wote wamezaliwa kwenye udongo huu, na wote wanaitwa wakimbizi."

"Kwa hiyo unaniomba nibaki nimekufa."

"Sikuombi," alisema kaka yake, na machozi yalikuwa yakimtoka. "Nakueleza tu ilivyo."

Alirudi Mpanda kesho yake. Ndani ya treni, pembeni yake, kulikuwa na mama wa Kisukuma na kibuyu cha maziwa aliyetaka mazungumzo. Akamuuliza, "Mwenzangu ni wa wapi?" Thacienne alifungua mdomo aseme Kasulu, kama alivyosema maelfu ya mara. Neno halikutoka. Alisema anaumwa kichwa.

Wiki mbili zilizofuata alipima. Hakuwa na shule kubwa, lakini alijua kukata kitambaa, na alijua ukikata vibaya hakuna kuunga. Akiomba, atamchoma Anselmo na watoto saba. Atamwingiza Pudensiana, maana nje ya ndugu wa marehemu mumewe ndiye pekee angeweza kumdhamini, na Pudensiana ndiye waliyepanga naye mstari wa kura. Asipoomba, mtoto atakosa chuo. Siku moja alijikaza, akamwita Pudensiana barazani ili amwambie. Alianza, "Jirani, mimi kusema kweli kwetu..." Pudensiana akamkatisha, mwepesi sana, bila kumwangalia. "Mama Recho, mambo mengine mtu akishayasikia hawezi kusema hakuyasikia. Mimi nina wajukuu." Akainuka, akasema ameacha mboga jikoni. Kwa hiyo alikuwa akijua. Pengine alijua tangu siku aliyompokea Recho mikononi, Thacienne akilia kwa Kirundi kwa uchungu. Na kwa kujua kwake ndivyo alivyokuwa akimlinda, na ndivyo alivyomfungia mlango.

Aliyeleta njia alikuwa Lyamba, kaka mkubwa wa marehemu Sylvanus, mkulima wa nje kidogo ya mji, na mkewe Bernadetha. Hao walijua kila kitu tangu zamani. Walikuja Jumamosi moja, na Lyamba, ambaye si mtu wa maneno, alimwachia mkewe aseme.

"Mdogo wangu," alisema Bernadetha, "sisi tuna cheti cha ndoa. Tuna majirani watakaosema ndiyo. Recho ni damu ya nyumba hii. Tumwandikishe sisi, baba Lyamba, mama Bernadetha. Kwa mila huyu ni mtoto wetu hata sasa. Si ananiita mama mkubwa?"

"Ataniita nani mimi?" aliuliza Thacienne.

Bernadetha alianza kulia. "Nyumbani atakuita mama kama kawaida. Ni karatasi tu."

"Na hiyo karatasi itadumu muda gani, shemeji?" Alimgeukia Lyamba.

Lyamba alijibu kwa ukweli, na baadaye Thacienne alimheshimu kwa hilo. "Moja kwa moja," alisema.

Recho alikataa. Alisema heri akae nyumbani ashone. Alisema yeye si mbuzi wa kuhamishiwa zizi la mtu. Alisema mambo mabaya pia, kwamba kama mama yake angesema ukweli tangu mwanzo, wakati baba yake yu hai na anaweza kumsimamia, leo wasingefika hapa. Na hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana Thacienne hakumjibu. Alimwacha amalize, kisha akamwambia, "Ukikataa, utakaa hapa na mimi kwenye shimo hili, na mimi nitakuangalia kila siku. Siwezi. Unataka kuniua mara ya pili?" Recho, ambaye alikuwa ameshaambiwa habari za daftari la Katumba, hakukataa tena.

Cheti kilitoka mwezi wa sita, kwa karani mwingine, si yule wa mwanzo. Thacienne hakwenda ofisini. Alikiona Recho alipokileta: karatasi nzuri, mhuri safi, jina la Bernadetha likiwa limeandikwa kwa mwandiko wa duara pale panaposema mama. Alikishika kwa ncha za vidole asikichafue. "Wametumia wino mzuri," alisema, akamrudishia.

Mwezi wa tisa Recho alipanda treni kwenda Tabora. Stesheni walikuwepo wote, na wenzake wawili wa chuo walipokuja kusalimia, Recho alimtambulisha Lyamba na Bernadetha kama wazazi, ilivyobidi. Alipofika kwa Thacienne alisita. "Na huyu..." Thacienne aliwahi kumwokoa. "Mimi ni mama mdogo wake," alisema, akawapa mkono wale wasichana mmoja mmoja, akiwauliza habari za kwao.

Barua zilikuja mwanzoni kila mwezi, kisha kila baada ya miezi miwili. Zilikuja kwa sanduku la posta la parokia, kwa jina la Lyamba, na Lyamba alizileta. Katikati ya mwaka 1999 chuo kilialika wazazi kwenye sherehe ya wanafunzi kuvishwa kofia. Kadi ilisema wazazi wawili. Bernadetha alitaka kumwachia nafasi yake, akaapa kabisa, lakini mlangoni wangesoma majina. Walikwenda wenyewe. Waliporudi, Bernadetha alimsimulia kila kitu, wimbo ulioimbwa, hotuba, jinsi mtoto alivyoshika mshumaa. Thacienne alisikiliza akiwa ameketi mkao wa mtu aliye kanisani. Hakuuliza kama Recho alimtaja. Bernadetha naye hakusema.

Mwishoni mwa mwaka huo Alois, katibu wa mtaa, alipita akiandikisha upya kaya za Makanyagio. Alikuwa kijana wa hapo hapo, alikua akicheza rede na Recho kwenye uwanja wa nyuma. Aliegemea nguzo ya baraza, daftari mkononi.

"Mkuu wa kaya?"

"Mimi."

"Mume?"

"Marehemu."

"Watoto?"

Thacienne aliacha kukanyaga cherehani. Alihesabu kila aliyeweza kuumia kwa jibu lake: Recho, Lyamba, Bernadetha, Anselmo kule Katumba na watoto wake saba. Alihesabu upesi, kwa mazoea.

"Andika hakuna," alisema.

Alois alimwangalia. Kisha akaandika, akamtakia kazi njema, akavuka kwenda kwa Pudensiana.

Thacienne alikaa na kitambaa mapajani mpaka mteja alipokuja kuulizia gauni lake. Akamwambia bado, aje kesho.